Majani ya Viungo Sokoni Mbeya: Ukitaja Jina Hili, Unapewa Nini?

Kwa anayepika nyumbani Mbeya, mafungu mabichi ya masoko ya Mwanjelwa, Sido na Uyole yanastahili alama za juu kuliko chochote kilichofungwa kwenye chupa. Viungo vikavu vya kupimiwa vinafuata, ila ununue kwa uangalifu. Chupa ndogo za majani makavu kwenye rafu za maduka makubwa zinashika mkia, ukiacha aina tatu tutakazozitaja mbele.

Udhaifu wa masoko yetu hauko kwenye ubora. Hewa ya ubaridi na mvua za nyanda hizi zinayafaa sana majani haya, na mengi hufika mezani yakiwa yamekatwa asubuhi hiyo hiyo. Udhaifu uko kwenye majina. Jina moja linabeba vitu viwili, kitu kimoja kinaitwa majina matatu, na mtu anafika nyumbani na jani lisilohusika kabisa na mapishi yake. Kwa hiyo tumepima kila bidhaa kwa mambo mawili: ukiitaja, unapewa uliyoikusudia? Na ukishapewa, ni nzuri?

Kotimiri, giligilani, dania

Hii ndiyo inayouzwa kuliko zote na ndiyo inayochanganya kuliko zote. Kotimiri ni neno lililokuja na Wahindi, kutoka kothmir. Dania, inayosikika zaidi kwa wenzetu wa Kenya, ni la huko huko, dhania. Giligilani limepitia kwa Waarabu: juljulan, neno walilolitumia kwa ufuta na pia kwa mbegu za mmea huu. Ndiyo maana katika matumizi ya zamani giligilani ilikuwa hasa mbegu, na kotimiri ikawa jani. Sokoni leo mpaka huo umefutika. Ukisema "giligilani" meza ya mboga utapewa jani, na ukisema hivyo hivyo meza ya viungo utapewa mbegu. Sema wazi: "Mama, naomba giligilani ya majani," au "giligilani ya mbegu." Neno moja la ziada linamaliza ubishi.

Jina la Kizungu, coriander, linatoka kwa Wagiriki. Vibao vya udongo vya enzi za Mikene, zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, vina orodha ya viungo yenye neno linalosomeka ko-ri-ja-da-na. Wengi hulihusisha jina hilo na koris, yaani kunguni, kwa ajili ya harufu ya jani bichi. Harufu hiyo kweli inakaribiana na ya mdudu huyo, kwa kuwa wote wawili wana kemikali za kundi la aldehidi. Wapo watu ambao pua zao kwa kuzaliwa huzisikia aldehidi hizo kama sabuni. Mgeni wako akiikataa kachumbari yenye kotimiri, usimwone ana maringo.

Mkanganyiko mbaya zaidi ni kwamba pasili nayo huitwa kotimiri, hata na watu wazoefu. Yote mawili ni majani yaliyokatika katika vipande, na yote ni ya ukoo mmoja na karoti. Tofauti utaipata kwa vidole. Jani la kotimiri ni jepesi, ncha zake ni za mviringo, na ukilifikicha linapiga harufu kali mara moja. Jani la pasili ni zito kidogo, la kijani kilichokolea, lina ncha kali, na harufu yake ni tulivu kama ya nyasi mbichi. Ukiweka pasili kwenye kachumbari ya kula na wali wa nazi, sahani inakosa uchangamfu. Ukiweka kotimiri kwenye supu iliyotaka pasili, inatawala chungu kizima. Jina pasili lenyewe, parsley, limetokana na petroselinon ya Kigiriki, yaani seleri ya mawe.

Seleri nayo ina mtego wake. Wapo wanaoiita figili, lakini ukiomba figili kwenye meza ya mboga utapewa mboga ya majani ya kuunga. Neno hilo ni fijl ya Kiarabu, ambayo ni mmea wa tatu tena, wa jamii ya kabichi. Ukitaka seleri, ioneshe kwa kidole: mabua marefu yenye mifereji, harufu inayofanana na supu.

Fungu zuri la kotimiri lina mizizi bado, mabua yanayokatika kwa mlio, na majani mapana. Angalia sehemu ya juu: ukiona majani yamekuwa membamba kama nyuzi, mmea umeshaanza kupanda maua. Ladha yake imegeuka kuwa chungu, na fungu hilo usilichukue hata ukiongezewa. Hali hii ni ya kawaida kuanzia Septemba hadi Novemba, joto linapopanda kabla ya mvua.

Ukifika nyumbani usilioshe. Kata mizizi, simamisha mabua kwenye glasi yenye maji ya kina cha sentimita 3, funika majani kwa mfuko uliolegea, weka kwenye friji, na badili maji kila baada ya siku mbili. Litakaa wiki nzima. Lililooshwa na kufungwa likiwa limelowa huanza kuoza katikati ndani ya siku mbili, na uozo unaanzia pale lilipobanwa na kamba.

Jikoni, mabua yaliyokatwa madogo yanaingia pamoja na kitunguu, kwa sababu yanavumilia moto. Majani yanaingia baada ya kuepua. Mchuzi uliochemka dakika 10 na majani ndani yake una rangi ya kotimiri tu. Harufu imeshaondoka na mvuke.

Mbegu za kupimiwa zilikuwa nzuri kwenye meza nyingi. Chagua nzima, za rangi ya kahawia mpauko, zisizo na vumbi la unga chini ya sado. Unga huo ni kazi ya wadudu.

Bizari

Hapa ndipo alama zinashuka, na kosa si la muuzaji. Bizari inatokana na bizr ya Kiarabu, yaani mbegu, na wingi wake umetumika kwa viungo vyote vya kutia chakulani. Ni jina la jumla lililogeuka kuwa jina la kitu mahususi, na kila mahali limechagua kitu chake. Dukani Mbeya ukisema bizari tu, mara nyingi unapewa unga wa manjano wa mchuzi uliochanganywa tayari. Mwingine atakupa binzari, na kwake hiyo ni manjano tupu. Mwingine, hasa mwenye asili ya pwani, atakuuliza: "Ipi? Nyembamba?" Huyo mng'ang'anie, anajua kazi yake.

Usiseme bizari peke yake kamwe. Sema bizari nyembamba ukitaka ile mbegu ya pilau. Uzile na jira ni hiyo hiyo. Sema manjano ukitaka manjano. Sema bizari ya mchuzi au bizari ya pilau ukitaka mchanganyiko, na hapo hapo uliza kumewekwa nini ndani.

Bizari nyembamba inachanganywa na shamari, wakati mwingine kwa kutojua, wakati mwingine kwa kuwa zimemwagikiana mezani. Shamari, kutoka shamar ya Kiarabu, ni nene, ina ukijani na utamu wa pipi. Bizari nyembamba ni ya kahawia, imechongoka pande zote mbili, ina mistari, na ukiitafuna ina uchungu kidogo na joto. Tafuna punje mbili kabla ya kulipa. Pilau iliyotiwa shamari badala yake inakuwa na utamu ambao hakuna chumvi inayouondoa.

Manjano nunua vidole vikavu, usage mwenyewe au upeleke mashineni. Vidole vizuri ni vigumu, vinavunjika kwa mlio, na ndani vina rangi ya chungwa iliyoiva. Kama huna budi kununua unga, tia kijiko kimoja cha chai kwenye glasi ya maji bila kukoroga. Unga safi huzama polepole na kuyaacha maji na umanjano hafifu. Uliotiwa rangi hutoa njano kali papo hapo. Kipimo hiki hakigundui kila uchafu, na ndiyo sababu vidole vizima vinabaki kuwa chaguo la kwanza.

Bizari ya pilau iliyosagwa tayari hatuipendekezi, hata ile yenye harufu nzuri siku ya kununua. Huwezi kujua uwiano wake, na karafuu ikizidi imezidi. Kwa kilo 1 ya mchele tumia vijiko 2 vya chai vya bizari nyembamba, iliki punje 8, karafuu 6, kijiko 1 cha chai cha pilipili manga nzima, na mdalasini vijiti 2 vyenye urefu wa kidole. Kwa mchele wa Kyela punguza vyote hadi nusu. Mchele ule una harufu yake ambayo watu wanailipia, na viungo vingi vinaifunika.

Mdalasini na vyote vya Manga

Mdalasini ni darsini ya Kiarabu, iliyotoka kwa Waajemi: dar chini, mti wa China. Kiswahili kiliongeza m- ya miti, ikabaki hata kwenye ganda lililo dukani. Karafuu haikufuata njia hiyo: ni qaranful iliyolainishwa, na mti wake ukawa mkarafuu.

Mezani utakuta maganda ya namna mbili. Moja ni jembamba, la tabaka nyingi zilizojikunja pamoja, linavunjika kwa vidole, na utamu wake ni wa taratibu. La pili ni nene, gumu, la tabaka moja, na ukali wake unachoma ulimi. La kwanza ndilo mdalasini halisi na linafaa chai na maandazi. La pili ni kasia, ndugu yake. Kwenye nyama halina ubaya, ila lina kumarini nyingi, kemikali isiyofaa ini ikitumiwa kila siku, kwa hiyo lisiwe la chai ya asubuhi na jioni. Unga huwezi kuutofautisha kwa macho; nunua vijiti.

Pilipili manga haina uhusiano na embe. Manga ni jina la zamani la Uarabuni, hasa upande wa Omani, na ndilo lililo kwenye kungumanga na komamanga pia. Pilipili yenyewe ni filfil ya Kiarabu, na nyuma yake kuna pippali ya Kisanskriti. Mbichi nyekundu na za kijani zilichukua jina hilo baadaye, maana asili yake ni bara la Amerika na hazikujulikana huku kabla ya safari za Wareno na Wahispania. Ukifuata kitabu cha zamani cha mapishi kinachodai pilipili hoho, angalia kilichapwa lini. Zamani hoho ilikuwa kali. Leo ukiomba hoho Mwanjelwa unapewa ile kubwa isiyowasha.

Habasoda haina utata: habba sauda, mbegu nyeusi, na ndicho unachopewa.

Rehani, na jirani yake kivumbasi

Rehani ni raihan ya Kiarabu, mmea wenye harufu nzuri, neno lililomo hata kwenye Surat Ar-Rahman. Halihusiani na rehani ya kuweka shamba benki, ambayo ni rahn, dhamana. Wagiriki waliuita basilikon, wa kifalme, na ndiyo basil ya kwenye chupa.

Ukiuliza rehani katika masoko ya Mbeya, jitayarishe kupewa kivumbasi. Ni ndugu kweli, wa jenasi moja, lakini jikoni ni watu wawili tofauti. Rehani tamu ina jani laini linalong'aa, lililobinuka kama kikombe, na harufu yenye utamu wa karafuu kwa mbali. Kivumbasi kina jani lenye vinyweleo, kingo za meno, na harufu ya dawa inayopanda puani. Kivumbasi kinafukuza mbu na wengine hukichemsha kwa mafua, lakini kwenye mchuzi wa nyanya kinaleta uchungu. Muuzaji anayekuambia "ni ile ile" hajapika nayo.

Rehani bichi usiiweke kwenye friji. Chini ya nyuzi 10 majani yake huwa meusi, na usiku wa Juni na Julai hapa mjini, kwenye mita 1,700 hivi, jiko lisilo na moto linaweza kufika huko. Simamisha kwenye maji, mbali na dirisha. Wakati huo wa mwaka mafungu mazuri hutoka bondeni au kwenye nyumba za nailoni. Yale ya kutoka bustani za wazi huwa na madoa ya kahawia tangu mezani.

Nanaa, mchaichai, rozimeri

Hizi tatu ndizo zenye alama za juu kabisa, kwa jina na kwa ubora.

Nanaa ni na'na' ya Kiarabu na hakuna anayeikosea. Fungu bora lina mabua mafupi na majani yaliyokunjamana yasiyo na matundu. Usiichemshe. Mimina maji yaliyoacha kutokota, funika dakika 5, kunywa.

Mchaichai umejieleza wenyewe, chai mara mbili. Wa Tukuyu ni mnene na una maji mengi. Wengi hukata majani ya juu na kutupa shina, kumbe sehemu inayofaa zaidi kwa mapishi ni sentimita 10 za chini, ile sehemu nyeupe. Iponde kwa mchi mpaka ipasuke, chemsha dakika 8, uchuje. Kwenye samaki wa nazi tia shina zima lililopondwa, utoe kabla ya kupakua, kwa kuwa nyuzi zake hazilainiki. Usinunue uliofungwa ukiwa na ukingo wa kutu kwenye majani. Huo ni ugonjwa wa kuvu, na chai yake ina ladha ya karatasi.

Rozimeri, ros marinus ya Kilatini, umande wa bahari, imeyapenda sana maeneo ya Iringa, Makambako na Njombe, ambako hewa ni kavu zaidi kuliko Rungwe. Mnamo 2017 wataalamu wa mimea waliihamishia kwenye jenasi Salvia, ukoo wa seji, ambayo jina lake linatoka kwenye kitenzi cha kuponya. Viazi vya kuoka kilo 1 vinatosheka na vijiti 2 vya sentimita 12, vikiingia tangu mwanzo pamoja na mafuta. Ukitia vitatu, chakula kinanuka kama dawa ya kuchua.

Chupa za rafuni

Tatu zinazofaa ni oregano, taimu na rozimeri. Ni mimea ya vilima vikavu vya Mediterania, yenye majani magumu, na mafuta yake hayatoroki haraka yanapokaushwa. Kijiko 1 cha chai cha jani kavu kinachukua nafasi ya vijiko 3 vya bichi. Tia mapema ili lipate kulainika.

Pasili, rehani na kotimiri kavu ni hasara. Majani yake ni laini na harufu imeshaisha kabla mfuniko haujafungwa. Kuna duka moja mjini linalopanga chupa hizi juu ya rafu inayopigwa na jua la alasiri. Hata oregano ya hapo ilikuwa imepauka kama majani ya chai yaliyotumika. Chukua ya nyuma kabisa, isiyoona mwanga, na soma tarehe ya kufungwa, siyo ya kuisha tu. Mchanganyiko wa majani usioorodhesha kilichomo uache hapo hapo. Na kwa wenye viwanda vidogo vya kufungasha hapa kwetu, ombi letu ni moja: andikeni majina mawili kwenye lebo, la Kiswahili na la Kilatini. Coriandrum sativum haiwezi kuwa pasili.

Miche

Kwa anayepika kila siku, ununuzi wenye faida zaidi ni mche. Nanaa na mchaichai huna hata haja ya kununua mche: fungu la sokoni lenye mizizi linashika. Nanaa ipande kwenye ndoo, kwa sababu ikiwekwa ardhini inatambaa na kumeza bustani. Mchaichai upe nafasi ya sentimita 60 hadi 90.

Kotimiri panda kwa mbegu zilezile za meza ya viungo. Kila punje ina mbegu mbili ndani. Ibane kwa chupa mpaka igawanyike, loweka usiku mmoja, fukia kina cha sentimita 1. Huchipua kati ya siku 7 na 14, na kwenye baridi ya Julai inaweza kufika siku 21, kwa hiyo usiifukue kuangalia. Usiihamishe. Mzizi wake mrefu ukisumbuliwa, mmea unakimbilia maua.

Rozimeri chukua vijiti laini vya sentimita 10 hadi 15, toa majani nusu ya chini, chomeka kwenye mchanga na mboji kwa uwiano sawa. Mizizi huchukua wiki 4 hadi 8. Inayokufa hufa kwa maji mengi, mara chache kwa kiu: toboa kopo chini, na mwagilia tu udongo wa juu ukishakauka.